Inuka Kwanza

Marehemu kaka yangu alipenda disko, nami nilimcheka. Mimi nilikuwa mtu wa muziki wa dansi, na mbele ya wageni wake nilisema disko ni muziki wa Wazungu na mashine zao, pigo lile lile kama mtu anayetwanga. Alinijibu, “Mdogo wangu, inuka kwanza, ndipo uhukumu.” Sikuinuka. Santuri zake ninazo mimi sasa, na nakiri kwamba nilihukumu nisichokijua.

Mwaka 1970, David Mancuso alianza kualika watu wacheze nyumbani kwake New York, mahali palipoitwa The Loft. Walikuja Weusi, Walatino, mashoga. Watu ambao kwingineko walitazamwa kwa jicho baya. Pombe haikuuzwa. Mancuso ndiye aliyeiokota “Soul Makossa” ya Manu Dibango wa Kameruni, iliyokuwa imefichwa upande wa pili wa santuri ya Kombe la Afrika la 1972, akaipiga mpaka jiji zima likaitafuta. Wazungu gani, basi?

Na mashine? Mdundo ule ulikwishasikika mwaka 1973 kwa Earl Young, mpiga ngoma wa Philadelphia: mguu wa mtu, kila pigo. Hata “I Feel Love” ya Donna Summer ya 1977, ambayo karibu yote ni mitambo, ngoma yake kubwa ilipigwa na Keith Forsey kwa mguu wake.

Halafu Tom Moulton akazirefusha nyimbo kwa ajili ya wachezaji, na santuri ya inchi 12 ikazipa nafasi. Hapa ndipo nilipoona haya. Bendi zetu zinapoingia kwenye chemko, waimbaji wakanyamaza na magitaa yakazungumza, nani huuliza maneno yako wapi? Nilichokishangilia kwetu nilikidharau kwa kaka yangu.

Sisemi zote ni nzuri. Baada ya filamu ya Saturday Night Fever ya 1977, nyingi zilitengenezwa harakaharaka, zimejaa vinanda vitamu kupita kiasi. Lakini tarehe 12 Julai 1979 watu walipolipua santuri za disko uwanjani Chicago, katika jiji hilo hilo Frankie Knuckles aliendelea kuwachezesha watu Warehouse, na humo ukazaliwa muziki wa house.

Santuri moja ya kaka imechubuka katikati, pale alipozoea kurudisha sindano. Jana ilipofika hapo, nilikuwa nimesimama.