Besi Inajirudia, Wimbo Unasonga

Kila mtayarishaji wa muziki amewahi kukwama hapa. Amepata lupu ya sekunde nane, tamu, inachezeka. Anaikopi mara nne, mara kumi, mara ishirini, na bado anachosikia ni lupu tu, wimbo hauji. Wengi hukimbilia kuongeza: gitaa hapa, kinanda pale, makofi, sauti za umati. “I Feel Love”, ambao Donna Summer aliurekodi mjini Munich akiwa na Giorgio Moroder na Pete Bellotte na ukatoka mwaka 1977, unafundisha njia ngumu zaidi na bora zaidi. Una karibu dakika sita, besi yake fupi inajirudia karibu muda wote, na hata hivyo unasikika mzima, wenye mwanzo, safari na kilele. Unafika huko kwa sababu lupu yake imepewa mshindani: sauti ya mtu anayeishi katika muda mwingine kabisa.

Tuanze na lupu yenyewe. Albamu ulimotoka, “I Remember Yesterday”, ilipitia mitindo ya miongo iliyopita, na wimbo huu ukapewa kazi ya kuwakilisha wakati ujao. Kwa hiyo Moroder aliweka kando bendi na kutumia sinthesaiza kubwa ya Moog. Mashine ilipiga noti chache za besi kwa mpangilio usiobadilika. Kisha kila noti ikapewa mwangwi uliopangwa uangukie katikati ya noti hiyo na inayofuata. Vaa spika za masikioni usikilize: noti zenyewe ziko upande mmoja, mwangwi uko upande wa pili. Ondoa spika moja sikioni, utabaki na besi ya kawaida, tena nyepesi. Irudishe, na besi inaanza kumeremeta na kukimbia kutoka sikio hadi sikio. Hakuna noti hata moja mpya iliyoongezwa. Mwendo umetokana na kile kilichokuwepo tayari, na hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza: kabla ya kuitandikia lupu vitu vingine, ichunguze kama yenyewe ina uhai wa kutosha ndani yake.

Hatua ya pili ni kuihamisha. Besi hii haikai mahali pamoja. Inachukuliwa nzima, umbo lilelile, na kupelekwa kwenye noti nyingine, kisha inarudi nyumbani. Msikilizaji hapati besi mpya. Anapata ileile ikiwa imepanda, na mwili wake unajua kuwa kuna jambo limetokea. Hapo marudio yanapata sura: kuna kukaa, kuna kuondoka, kuna kurejea. Chini yake ngoma ya kiki inadunda sawasawa. Ngoma hiyo ilipigwa na binadamu, Keith Forsey, kwa kuwa mashine haikuweza kutoa dundo lenye uzito waliouhitaji. Katikati ya wimbo unaosifiwa kwa umashine wake, mguu wa mtu ndio unaoshika msingi.

Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi tunajua kuwa marudio si umaskini. Kwenye sebene, mpiga solo anaweza kurudia kifungu kimoja dakika nzima na ukumbi ukazidi kupamba moto. Lakini vidole vya mpiga gitaa havirudii kitu mara mbili kwa namna ileile. Anabana hapa, anaachia pale, anamjibu mpiga ridhimu. Mashine ya Moroder haina uwezo huo. Kazi yote ya kutofautisha ilibidi ifanywe na sauti ya Summer.

Naye aliifanya kwa namna ambayo wachache wangeithubutu. Mwimbaji wa kawaida, akiwekewa mdundo unaokimbia hivi, angekimbia nao. Summer hakimbii. Anaimba juu, kwa sauti nyembamba yenye pumzi nyingi, akivuta silabi moja wakati besi imeshapiga noti nyingi chini yake. Maneno ni machache mno: kila ubeti una kifungu kifupi kinachorudiwa kabla ya kiitikio kuingia. Hakuna kisa kinachosimuliwa, hivyo maneno hayawezi kuusogeza wimbo. Kinachousogeza ni ule umbali kati ya mwendo wa sauti na mwendo wa mashine. Sikio linashikilia miendo miwili kwa wakati mmoja, na mvutano huo haukupi nafasi ya kuchoka.

Uthibitisho unakuja pale katikati, sauti inapoondoka. Besi na ngoma zinabaki peke yake, zilezile tulizozisikia tangu mwanzo, lakini sasa tunazisikiliza tukiwa na hamu. Tunamngoja mtu. Lupu iliyotanguliwa na sauti haiwi tena lupu tupu. Ina nafasi iliyo wazi ndani yake. Summer anaporejea, hana haja ya kuleta jipya. Kurejea kwake kunatosha kuwa kilele.

Mwaka 1978 Patrick Cowley wa San Francisco aliurefusha wimbo huu hadi zaidi ya dakika 15, akiongeza sauti zake za sinthesaiza. Ni kazi kubwa, na kwa wachezaji ni neema. Ila ukiisikiliza kwa makini utaona mizani imehama. Vitu vilivyoongezwa vinavutia kimoja kimoja, na lile pengo lililokuwa na maana limejazwa. Cowley aliupanua usiku wa kucheza. Kina Moroder walikuwa wametunga wimbo.

Leo kompyuta inakupa lupu elfu moja kabla ya chakula cha mchana, na mikondo isiyo na idadi ya kuzirundika. Wingi huo hautaziunganisha kuwa wimbo. Mtayarishaji aliyekwama ajiulize ni kitu gani katika kazi yake kinakataa kwenda kwa mwendo wa lupu, na nini kitapungua kikinyamaza. Akishakipata, anaweza kufuta nusu ya alivyoongeza.