Kivuli kilichopotea kwenye fotokopi

Kuna mchoro niliukataa kwa kuinua mkono, na tangu siku ile haujaniacha.

Tulikuwa watano, tumekaa kwenye chumba kimoja hapa Buyenzi, mbele yetu rundo la fotokopi za michoro ya kina mama. Kazi yetu ilikuwa kuchagua sita za kutengenezea kadi za kuuza. Mmoja ulikuwa mikanda iliyosokotana karatasi nzima, inapanda, inajikunja, inapotea, inarudi. Kwenye fotokopi ilikuwa mistari tu, mistari juu ya mistari. Mwenzetu akauliza, "Hii si senyenge?" Tukacheka. Nani kati yetu aliyepita kambini haijui senyenge? Mikono ikainuka kuukataa, na wangu ukiwemo.

Mwenyewe alipokuja kuchukua karatasi yake halisi, nikaiona pale mlangoni. Kumbe! Senyenge haikuwepo kabisa. Ilikuwa kazi ya kusuka, kitu ambacho ungetaka kupitisha kidole chini yake.

Mistari ilikuwa ileile ya biki, sikuona hata mmoja ulioongezwa. Tofauti ilikuwa penseli. Kila mkanda unapoingia chini ya mwenzake, ameuweka weusi kidogo upande huu na upande ule, halafu akausugua kwa kidole mpaka ukafifia. Katikati ya mkanda ameacha karatasi nyeupe. Basi jicho linajua lenyewe: huu uko juu, huu uko chini, huu umevimba kama kamba. Mstari peke yake unakuambia tu kwamba vitu viwili vimekutana. Kipi kimemlalia mwenzake, hilo alilisema kwa kivuli. Na mashine ya fotokopi, si unaijua, inachukua weusi wa wino na kuutupa ule ukijivu mwepesi.

Sisemi mchoro hauna kasoro. Pale chini kushoto ametia kivuli pande zote za kila kitu, na penye giza kila mahali hakuna kinachoinuka. Panaonekana kama pamemwagikiwa chai. Angeacha weupe zaidi.

Nilimshauri, kwa haraka ya mtu mwenye hatia, atie kivuli kwa biki, vistari vidogo vya karibu karibu, ili mashine ivishike. Akanijibu, "Dada, mistari tayari ni mingi. Nikiongeza mingine, utajuaje ipi ni mkanda na ipi ni giza?" Sikuwa na jibu, maana ana haki.

Watu wa mashirika wanaotuletea vikaratasi vya mraba wanaiita michoro ya namna hii Zentangle, jina lililoletwa na Wamarekani wawili, Rick Roberts na Maria Thomas. Huko nako mafundo huchorwa kwa wino, kisha kivuli hufuata kwa penseli. Lakini mimi nilikumbuka Kasai, kwetu Kongo, na vitambaa vya rafia vya Wakuba. Wanaume hufuma kitambaa, wanawake hukidarizi kwa mafundo yanayofanana sana na haya. Nyuzi nyingine hukatwa fupi zikasimama kama mahameli, nyingine hulala. Zilizosimama na zilizolala hazipokei mwanga sawasawa, na humo ndimo umbo linamotokea. Kipige picha kwa flashi ya mbele, nusu ya kazi ya yule mama inakufa.

Kadi zimeshachapwa, sita, nzuri tu. Wa kwake haumo. Nilitaka uwekwe hapa kwenye ukurasa huu, lakini jarida letu nalo ni fotokopi, ndiyo maana mmepata maneno yangu badala yake. Ameubandika ukutani kwake, upande unaotazamana na dirisha. Nilipita juzi asubuhi kabla jua halijawa kali, nikakaa chini ya ule ukuta mpaka chai ikapoa.