Ufundi wa Kufuta

Fundi simu anayesifiwa mtaani ni yule anayefufua simu iliyokufa. Anayefomati memori kadi hasifiwi na mtu; watu huona kabonyeza tu, kalipwa. Mimi namsifu, maana kufuta kwataka akili kuliko kujaza.

Kadi yenyewe ina tabia ya ajabu. Kumbukumbu yake ya NAND, waliyoitangaza Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba mwaka 1987, haikubali kuandikwa juu ya maandishi. Huandikwa kidogo kidogo, lakini hufutwa kwa mafungu makubwa. Ukibadilisha wimbo mmoja, huenda kidhibiti kilichomo ndani ya kadi kikalazimika kuhamisha vinavyohitajika kwanza, ndipo kifute fungu zima. Sasa ichukue kadi iliyokaa miaka kwenye simu: nyimbo zimeingia na kutoka, picha za harusi zimefutwa nusu, vipande vya faili vimetapakaa kila kona. Kamera inakatiza kumrekodi bibi harusi akiwa ndiyo kwanza anaingia ukumbini, redio ya mlinzi inakwama kabla wimbo haujaanza, na lawama zote zinaiangukia betri.

Hapo ndipo fundi anapopima viwanja upya. SD Association, chama kinachosimamia viwango vya kadi hizi, hutoa bure programu inayopanga mipaka ya mafaili ilingane na mafungu ya kufutia. Mipaka ikipishana, andiko dogo hugusa mafungu mawili, kadi ikafanya kazi maradufu. Fundi mzuri anajua pia kwamba kadi iliyozidi GB 2 hadi kufikia GB 32 kiwango chake ni FAT32, na inayozidi hapo ni exFAT, ambayo redio nyingi za bei ndogo haziisomi kabisa. Mwenye kadi ya GB 64 na redio ya namna hiyo atasema kauziwa kadi mbovu. Fundi ataigeuza iwe FAT32, amwonye kuwa faili moja haiwezi kufika GB 4, kazi imekwisha. Kadi ya kamera huifomati ndani ya kamera yenyewe, ijipangie folda zake.

Lakini ninachokipenda zaidi ni lile swali lake kabla ya kugusa chochote: humu kuna picha za mtu? Anajua ufomati wa haraka hufuta orodha tu, na picha zenyewe hubaki hadi ziandikiwe kitu kingine. Mama akija analia kwamba mtoto amefomati kadi yenye picha za marehemu babu, fundi humkataza kupiga hata picha moja zaidi, kisha huwasha PhotoRec, programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa, na kusubiri. Anayetaka kuiuza kadi yake, yeye huandikiwa kadi nzima upya, mnunuzi asije akafukua ya faragha. (Wauzaji wengi hawalijui hili, na ningependa walijue.)

Kadi feki nayo haiponi kwa kufomatiwa. Imeandikwa GB 128, ndani ina 8. Fundi huijaza hadi mwisho, akaisoma tena, na ikikosa kurudisha alichoweka, hachukui hela ya kufomati: anamwambia mteja airudishe dukani leo hii, risiti mkononi.