Sifa za Fundi Anayesoma Kioo

Kila sekunde, televisheni ya chogo iliyokaa sebuleni mwa watu wa Pwani ilichora mistari 15,625. Hesabu yake ni nyepesi: picha moja ya mfumo wa PAL, ambao Kenya iliufuata, ina mistari 625, na picha kamili 25 hupita kila sekunde. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 ziliundwa kwa kuifuata hesabu hiyo hiyo. BBC Micro ya 1981, ZX Spectrum na Commodore 64 za 1982, Amiga 500 ya 1987, zote ziliweza kuuzwa bila kioo, kwa kuwa waliozitengeneza walijua mnunuzi ana televisheni nyumbani. Mwaka huo huo wa 1987 IBM ikaleta mfumo wa picha wa VGA, na vioo vya kompyuta vikaanza kutaka mistari zaidi ya 31,000 kwa sekunde. Leo ukiiunganisha Amiga na monita bapa ya ofisini kwa waya mtupu, mara nyingi kioo hubaki cheusi, au huandika kwamba mawimbi hayo hakiyawezi. Mashine zote mbili ni nzima. Kasi zao tu ndizo zisizokutana.

Fundi ninayetaka kumsifu anafanya kazi hapo katikati ya kasi mbili. Ulaya na Japani wapo wapenzi wa kompyuta kongwe ambao kazi hii wameigeuza elimu kamili. Kwetu, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Kisauni, Likoni na Changamwe, Amiga hazikujaa majumbani. Tulikuwa na televisheni, tukawa na geimu za kadi, kisha zikaja PlayStation kwenye mabanda ambako vijana hulipa ili wacheze. Hata hivyo swali linalomfika fundi ni lile lile: chombo cha zama zile kitaonekanaje kwenye kioo cha zama hizi? Naye hulijibu kwa njia yake. Huchukua monita ya ofisi iliyoingia nchini ikiwa mtumba, akaitoa bodi yake, akatia bodi ya universal, ile ambayo wengi huiita V59 kwa jina la chipu yake, na monita ikainuka ikiwa televisheni yenye tundu la antena, AV, VGA, HDMI na rimoti yake mkononi.

Kwa maneno, kazi hiyo husikika nyepesi. Itazame mezani. Fundi hulaza monita juu ya kitambaa, uso chini, akafungua kifuniko cha nyuma, na kabla hajagusa solda huinama kusoma kibandiko kilichobandikwa mgongoni mwa kioo. Tuseme kimeandikwa M170EG01. Kwa mpita njia hizo ni herufi tu. Kwake ni habari: 170 ni inchi 17.0, na kutokana na namba nzima ya kibandiko anajua kioo kina nukta 1280 kwa 1024, anajua ni waya gani wa LVDS, ule unaopeleka picha kutoka bodi hadi kioo, utakaoingia, na anajua kwamba paneli nyingi za ofisi za kipimo hicho hutaka volti 5. Kwenye bodi mpya pana kidude cha plastiki kidogo sana, cha kuchagulia volti 3.3, 5 au 12. Akikiweka penye 12 kwa haraka, kioo kimeungua na hakirudi tena. Kwa hiyo hukihamisha mahali pake, akaweka mita, akaupima umeme unaotoka, kisha ndipo akachomeka waya wa kioo. Mpangilio huo hauvunji hata siku ya wateja wengi.

Likibaki kosa la pili, nalo analitambua kwa macho. Nyaya za LVDS hupanga rangi kwa mitindo miwili, na bodi ikifuata mtindo usio wa kioo hicho, nyuso za watu huja na madoa ya rangi kama picha iliyolowa. Fundi asiyejua atasema kioo kimekufa. Anayejua hutafuta programu nyingine inayofaa, akaitia kwa USB, na nyuso zikarudi kuwa za watu.

Mama mmoja alileta monita ya aina hii kwenye kibanda kimoja cha Mlaleo, Kisauni, akataka bei papo hapo. "Niachie kwanza niisome, mama," fundi akamwambia. "Nikikutajia bei kabla sijaifungua, nitakuwa nakudanganya." Yule mama akakubali akaketi. Kwangu mimi, neno lile lilibeba maadili yote ya kazi hii. Tumezoea kuusifu ujanja wa fundi, kwamba ana mikono myepesi na huokoteza kutoka hapa na pale. Ni sifa ndogo mno kwake. Huyu ni msomaji. Anasoma kibandiko, anasoma mita, anasoma moto wa kapasita iliyovimba kichwa, na hasemi asichokithibitisha.

Na elimu hiyo ndiyo inayoirudisha kompyuta ya zamani kwenye mwanga. ZX Spectrum ilipeleka picha yake kwa waya wa antena, kwenye chaneli ya 36 ya UHF, mfano wa kituo kidogo cha televisheni ndani ya nyumba. Kenya iliizima mitambo ya analogi mwaka 2015, televisheni za chogo zikalazimika kuwekewa king'amuzi, na watu wengi wakadhani tundu la antena la kizamani limekwisha kazi. Lakini bodi ya universal bado ina sikio la analogi. Tafuta chaneli polepole, kituo pekee kitakachopatikana ni kile kinachotoka kwenye kompyuta iliyo mezani.

Liko jambo la pili ambalo wapenzi wa mashine hizi nchi nyingine hulihangaikia sana. Kompyuta za PAL hubadilisha picha mara 50 kwa sekunde, na monita nyingi za ofisi zimezoea mara 60. Zikilazimishwa, picha inayotembea hurukaruka. Bodi za televisheni zinazouzwa kwetu zimetengenezwa zikijua soko lililoishi na 50 miaka yote, kwa hiyo huipokea bila ubishi. Kile tulichorithi kutoka enzi za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya kinamfaa leo mtu anayetaka kuwasha Commodore.

Monita za mraba za inchi 17, zile ambazo ofisi hazizitaki tena kwa kuwa si pana, zina uzuri ambao ni hesabu tu iliyoufunua. Picha ya kawaida ya Amiga ya PAL ni nukta 320 kwa 256. Zidisha kila upande kwa nne: unapata 1280 kwa 1024, kioo kizima bila nukta iliyobaki. Mhandisi wa Amiga hakukijua kioo hicho, na aliyekibuni kioo hakuwa akiifikiria Amiga. Kilichohitajika ni mtu wa katikati mwenye kujua hesabu za pande zote mbili.

Fundi mzuri pia huusema mpaka wa kazi yake. Kompyuta hizi hutuma mistari kama 312 kwa kila picha, na kila picha ni kamili. Bodi ya bei nafuu hudhani imepewa nusu mbili za picha moja, huzichanganya, na herufi nyembamba zikaanza kutetemeka. Kwa anayetaka usafi zaidi, rangi huchukuliwa moja kwa moja, nyekundu, kijani na samawati kila moja kwa waya wake, zikapitia bodi ya kugeuzia kama GBS-8200 kabla ya kuingia kwenye VGA. Mapigo yanayoambia kioo mstari uanzie wapi yakiwa yamefungamana na picha, chipu ya miguu minane iitwayo LM1881 huyachomoa. Ni saa nyingi zaidi na gharama zaidi, na mteja ana haki ya kuambiwa tofauti hiyo kabla hajafungua pochi.

Pwani inaongeza mtihani wake. Hewa ya chumvi hula miguu ya chipu, unyevu huotesha ukungu wa kijani kwenye shaba, na umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo hupasua vilivyo dhaifu. Taa za mirija za monita za zamani hutaka volti mamia kadhaa na zikichoka hugeuka manjano. Mafundi huzitoa, wakapanga mistari ya LED mahali pake, wakitazama mwanga usiwe na vivuli pembeni. Anayefanya hivyo vizuri huiongezea monita miaka ya uhai, na jaa la taka hupungukiwa na kioo kimoja.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 imewabebesha watengenezaji wajibu juu ya bidhaa zao zinapochakaa. Ni jambo jema. Ningependa wanaoitekeleza wawatambue pia waliokuwa wakiufanya wajibu huo bila sheria, na mitihani ya ufundi iwapime katika hili hasa: mpe mtu kioo kisicho na bodi, kibandiko na mita, kisha mwangalie anavyoanza. Atakayenyoosha mkono kwanza kwenye kibandiko ana ujuzi unaostahili cheti, mshahara na wanafunzi wa kumrithi.