Dhamira Tunayo, Dhamiri Je? Kusoma Tena "Tujisahihishe"

Katika madarasa yetu ya itikadi yapo maandishi ambayo kila kada huyataja na wachache huyasoma. Mojawapo ni kijitabu cha Mwalimu Nyerere, "Tujisahihishe", cha mwaka 1962. Tukumbuke mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Nchi ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961. Mwezi uliofuata Mwalimu aliacha uwaziri mkuu ili akaimarishe Chama. Mtu aliyekuwa na haki ya kusherehekea ushindi aliamua kuandika juu ya makosa ya washindi.

Hoja zake ni chache na zimesemwa kwa Kiswahili cha kawaida. Ubinafsi ni ugonjwa unaodhoofisha umoja. Tunapima neno kwa kumtazama aliyelisema: akiwa rafiki tunakubali, akiwa tusiyempenda tunakataa, hata kama amesema kweli. Hatupendi kujielimisha. Na ukweli haujali cheo cha mtu, ukipuuzwa hulipiza kisasi. Hakuna hata neno moja hapo linalohitaji kamusi. Sisi wakufunzi, tuliozoea kuona kwamba uzito wa fikra uko katika urefu wa maneno, tuna la kujifunza hapo kabla hatujafika kwenye hoja zenyewe.

Lakini kazi ya uhakiki si kusifu. Tunadai kwamba kijitabu hiki, kwa jinsi tulivyokitumia, kimetupa mahali pa kujificha. Jina lake limo katika wingi: *tu*jisahihishe. Mwandishi alikusudia kwamba asiachwe mtu nje. Sisi tumeligeuza kuwa pazia: tukijisahihisha wote kwa pamoja, hakuna anayelazimika kusimama peke yake na kusema, "Hili nililifanya mimi." Hata makala hii inasema "sisi", na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani anayesema.

Jambo hili lilitudhihirikia pale Lamadi, tulipokwenda kuendesha darasa la siku tatu kwa makada wa matawi. Asiyepajua Lamadi aelewe kwamba ni njiapanda. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita hapo, na ile ya Bariadi inaanzia hapo. Ziwa liko karibu, samaki na pamba vinapita, na mabasi hayalali. Leo ni Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu. Kabla ya mwaka 2012 ilikuwa chini ya Mwanza. Ni mahali ambapo fedha hubadilisha mikono haraka, na kwa hiyo ni mahali pazuri pa kufundishia maadili.

Siku ya pili tuliwataka wanadarasa wafanye zoezi la kukosoa na kujikosoa. Ndugu mmoja, mweka hazina wa kikundi kidogo cha kuweka na kukopa, alisimama akasoma taarifa. Alisema kumejitokeza changamoto katika eneo la fedha, kwamba mchakato wa marejesho ulikumbwa na mapungufu, na kwamba hatua stahiki zinachukuliwa. Wanadarasa wakapiga makofi. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akanyoosha mkono. Akauliza: "Mwanangu, hiyo changamoto ina jina? Inalala nyumba ya nani?"

Watu walicheka, na sisi tulicheka pia. Usiku, tukiwa katika nyumba ya wageni, hatukucheka tena. Ile taarifa ilikuwa na msamiati wetu wote. Maneno yale aliyapata wapi kama si katika mihutasari na hotuba zetu? Tumewafundisha watu lugha ambamo makosa hujitokeza yenyewe kama uyoga baada ya mvua, fedha hupotea bila kuchukuliwa, na hatua huchukuliwa bila mchukuaji. Mtu aliyelelewa katika lugha hiyo anaweza kukaa katika Chama miaka ishirini bila kukua hata inchi moja, kwa sababu hana sentensi ya kusemea kosa lake. Hatuna maana kwamba neno linatosha. Tunasema kwamba pasipo neno, hata mwenye nia ya kuungama hana pa kuanzia.

Kiswahili chenyewe hakina upungufu. Kina maneno mawili yanayofanana ambayo makada wengi huyachanganya: dhamira na dhamiri. Dhamira ni nia, ni lengo mtu alilokusudia. Dhamiri ni ile sauti ya ndani inayomshtaki mtu kwa alilolitenda. Hotuba zetu zimejaa dhamira: dhamira ya dhati, dhamira ya kweli, dhamira isiyoyumba. Dhamiri haionekani, na ikionekana mara nyingine ni kosa la mpiga chapa. Tofauti ya herufi moja imegharimu maisha ya watu, na ushahidi wake uko katika nchi hiyohiyo ya Wasukuma.

Mwaka 1976 serikali iliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Lamadi wakati huo ilikuwa katika mkoa wa kwanza, na Bariadi katika wa pili. Dhamira ya msako ilikuwa njema: kukomesha mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi, mauaji ambayo mara nyingi yaliwakumba bibi vizee waliowekewa alama ya wachawi kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Nani angepinga dhamira hiyo? Lakini watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waliotumwa kuwalinda wanyonge walikuwa na lengo, walikuwa na amri, walikuwa na msamiati wote wa operesheni. Kilichokosekana ni ile herufi ya mwisho.

Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa amemgusa mtu. Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa na wakuu wa mikoa hiyo miwili nao waliacha nyadhifa zao. Wiki chache baadaye, tarehe 5 Februari, CCM ilizaliwa. Tunapowafundisha vijana kuzaliwa kwa Chama tunaeleza muungano wa TANU na Afro-Shirazi, na ni sawa. Ni mara chache tunawaeleza kwamba mwezi mmoja kabla, kiongozi mmoja aliugeuza wingi wa "Tujisahihishe" kuwa umoja.

Mzee Mwinyi aliisimulia safari yake katika kitabu "Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu", kilichozinduliwa Mei 2021, alipotimiza miaka 96. Tunashauri kisomwe sambamba na kijitabu cha 1962. Thamani yake kwa kada iko kwanza katika nafsi ya msemaji: ni "mimi" wa mwalimu wa shule aliyepanda vyeo, akashuka, akapelekwa ubalozi Misri, akarudi, na mwaka 1985 akapokea urais. Kujiuzulu hakukumfukia. Wale wanaong'ang'ania kiti kwa kuogopa kaburi la kisiasa wazingatie hilo.

Tusimfanye mtakatifu, hata hivyo. Ni chini ya uenyekiti wake, mwaka 1991, kwamba kikao cha Zanzibar kilizilegeza zile kanuni za uongozi za Azimio la Arusha, na maswali juu ya matokeo yake bado ni halali. Dhamiri ya mwaka 1977 haiwi hati ya kuvuka kila mto uliofuata. Mtu anayekua hana budi kushtakiwa upya na nafsi yake kila mara.

Na lugha hukua pamoja naye. Mwalimu alipokusudia kuacha madaraka kwa hiari, aliona Kiswahili cha siasa hakina neno la heshima kwa tendo hilo. Akalichukua la Kizanaki, kung'atuka, na leo hata watoto wa shule wanalijua. Uzanaki hauko mbali na Lamadi. Ni kuendelea na barabara ileile kuelekea Musoma. Neno lile lilikaa kwa sababu mtu alilitenda. Tungelitunga katika semina, lingebaki katika makabrasha.

Siku ya tatu, kabla hatujafunga darasa, yule mweka hazina aliomba taarifa yake irudiwe. Katibu akafungua daftari, akauliza aandike kasoro ya namna gani. Yule ndugu akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Andika, nilichukua. Andika na kiasi." Akakitaja. Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama wa mlangoni aliuliza atalipa lini, akajibiwa, baada ya kuuza pamba, na katibu akaandika na hilo.