Mjakazi, Jini au Mzimu?

Waonapo picha za wanawake waliochongwa katika mahekalu ya kale ya Bara Hindi, wasomaji wetu wa Musoma na Bunda huwaita kwa wepesi "vijakazi", au husema ni mapambo tu. Majina hayo hayatoshi.

Tulitazame lango la mashariki la Sanchi, la karne ya 1 kabla ya Kristo. Mwanamke ameshika tawi la mti, mwili umepinda chini ya boriti. Huyu ni yakshi, roho ya miti na rutuba. Katika mapokeo ya Wahindi, mguso wa mwanamke huufanya mti uchanue. Dini ya Buddha haikumfukuza, bali ilimweka mlangoni. Miaka elfu moja baadaye, huko Khajuraho, wanawali wa mbinguni wajitia wanja na kuchomoa miiba miguuni. Hao ni wahudumu, naam. Lakini Shilpa Prakasha, kitabu cha mafundi wa Orissa, chafundisha kuwa jengo lisilo na sanamu ya mwanamke ni pungufu.

Basi yakshi tumwiteje? "Mjakazi" humtia utumwani. "Jini" humhamishia katika imani nyingine. Mtu wa Butiama yu karibu zaidi na maana: auangaliapo msitu wa Muhunda, unaoheshimiwa kuwa makao ya mzimu, haoni kuni. "Mzimu wa mti" lina kasoro, maana huvuta fikira kwa wahenga; hata hivyo lahifadhi heshima. Mfasiri akikosea jina, mtazamaji naye hukosa kuona.