Kila Kelele Ina Kwao

Amplifaya ya gitaa husema kabla mpigaji hajagusa uzi. Swichi ikiwashwa na taa nyekundu ikawaka, spika hutoa kitu: mvumo mzito wa chinichini, au shhh nyembamba kama vitunguu vinavyoanza kushika mafuta, au mkwaruzo unaokuja na kupotea. Wengi hukifunika kwa wimbo na kukisahau. Fundi mzuri huacha mikono mapajani na kusikiliza. Katika sekunde hizo chache mashine humweleza mambo mengi kuliko chapa iliyobandikwa mbele ya kasha.

Ufundi huu una ukoo. Leo Fender, ambaye jina lake limesambaa duniani kwa magitaa na amplifaya, alikuwa fundi redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na gitaa hakujua kulipiga. Jim Marshall wa London alikuwa mpiga dramu na mwalimu wa dramu. Amplifaya ya kwanza iliyotoka dukani kwake, mwaka 1962, ilifuata mchoro wa Fender Bassman, ila kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza, na tofauti hizo za vipuri zikazaa sauti nyingine kabisa. Fundi redio wa mtaani, mwenye meza iliyojaa matumbo ya mashine, hana sababu ya kujiona mgeni mbele ya amplifaya. Ilizaliwa kwenye meza kama yake.

Mnunuzi mwenye fedha kidogo huulizia wati. Ndilo swali la kwanza, na ndilo linalopotosha zaidi. Kutoka wati 10 hadi 20 sauti huongezeka desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua lakini halishtuki. Ili isikike imekua maradufu, nguvu yenyewe inatakiwa kuzidishwa takriban mara kumi. Inayosahauliwa ni spika. Spika yenye unyeti wa desibeli 100 ikipewa wati 15 hutoa sauti sawa na spika ya desibeli 97 iliyopewa wati 30. Kwa hiyo kasha dogo lenye spika nzuri ya inchi 10 au 12 huweza kulifunika kasha la wati nyingi lenye spika duni ya inchi 6. Chumbani wati 5 zinatosha na kubaki. Mazoezini, pembeni ya dramu, amplifaya ya transista huhitaji kama wati 30 hadi 50. Jukwaani, maikrofoni ikishawekwa mbele ya spika, hesabu ya wati hurudi kuwa ndogo.

Linalofuata ni sauti yenyewe, na hapa ushauri wa vitabu vingi vya Ulaya na Marekani haumfai kila mtu. Umeandikwa kwa ajili ya mpigaji wa roki, anayetaka noti ipasuke na kuungua, na ndiyo sababu unasifu valvu, ile mirija ya kioo ya zamani, kupita kiasi. Mpiga solo wa rumba ya Kongo au wa dansi la Dar es Salaam anataka kinyume chake: kila noti isimame peke yake, ing'ae, isishikane na jirani yake hata sebene ikikolea. Kwake transista ya bei nafuu, nyepesi, isiyohitaji kubadilishiwa valvu, ni chombo sahihi na wala si cha kuonea haya. Roland Jazz Chorus ya mwaka 1975, iliyogeuka kipimo cha sauti safi, ni ya transista. (Na wanaoimiliki wanaijua vizuri shhh yake, bei kubwa hainunui kimya.)

Sokoni, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, amplifaya ya mtumba mara nyingi huwa bora kuliko mpya ya bei ileile, lakini ina mtego unaoua mashine kwa dakika moja. Mtego huo uko kwenye bati la nyuma, palipoandikwa volti. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Japani husubiri volti 100, ya Marekani 120, ilhali ukuta wa Tanzania hutoa 230 na wa Kenya 240. Ikichomekwa moja kwa moja, yenye bahati hukata fyuzi, isiyo na bahati huanza kunuka. Baadhi zina swichi ya kuchagua volti, na hizo ni neema. Nyingine zote huhitaji transfoma ya kushusha umeme, ambayo bei yake, pamoja na uzito wake wa kubebwa kila onyesho, inatakiwa kuhesabiwa kabla ya kuanza kupatana.

Kukagua spika hakuhitaji kifaa. Mashine ikiwa imezimwa, ncha za vidole hutandazwa kuizunguka kofia ya katikati, kisha karatasi yake husukumwa ndani taratibu, kwa usawa, na kuachiwa. Ikirudi kimya, koili iko huru. Ikitoa sauti ya msasa, hata kidogo sana, koili inasugua sumaku na spika imekwisha. Baada ya hapo mashine huwashwa bila gitaa, vitufe vyote vikiwa sifuri, na sikio huwekwa karibu na kitambaa, kwa sababu duka lina kelele zake. Kitufe kimoja kimoja hupandishwa hadi mwisho na kurudishwa. Muuzaji anayeharakisha hatua hii naye ametoa taarifa.

Kelele haziepukiki, na sababu moja kubwa iko kwenye gitaa lenyewe. Chini ya nyuzi kuna pikapu, ambayo haina undugu na gari: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya koili, sehemu tu ya volti moja, na amplifaya huukuza mpaka uweze kusukuma spika. Koili hiyo haichagui. Transfoma ya jirani, taa ya mrija, kifaa cha kupunguzia mwanga wa taa, chaja ya simu ya bei rahisi, vyote huingia kwa mlango uleule na kukuzwa vilevile. Simu iliyowekwa juu ya kasha huweza kujitangaza kwa mdundo wa dit-dit-dit kabla haijaita.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuuliza kelele inatoka upande gani. Kebo huchomolewa kwenye amplifaya. Mvumo ukibaki, ni wa amplifaya yenyewe. Ukikata, mhusika ni gitaa, kebo au chumba. Kebo hurudishwa, volyumu ya gitaa hushushwa hadi sifuri. Kukiwa kimya, kebo imesafishwa jina na shaka inahamia kwenye pikapu. Hapo mpigaji husimama na gitaa lake na kuanza kugeuka polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta kibla. Mvumo hupanda na kushuka kadiri koili inavyoelekea chanzo au kukipa ubavu. Kuna upande mmoja ambako karibu hupotea. Wapigaji wenye uzoefu husimama upande huo usiku mzima, na watazamaji hudhani ni mbwembwe za jukwaani.

Mkono nao ni kipimo. Mwili wa mpigaji hukusanya umeme wa hewani kama antena, na nyuzi zimeungwa na arthi ya amplifaya kupitia daraja la gitaa. Mvumo ukipungua mara vidole vinapotua kwenye nyuzi, gitaa limeungwa vizuri ila halina ngao ya kutosha. Usipopungua kwa nyuzi, lakini ukapungua kidole kikigusa chuma cha plagi, kijiwaya kinachokwenda darajani kimekatika, na dawa yake ni tone moja la lehemu. Ngao hutengenezwa kwa kubandika karatasi ya shaba ndani ya matundu ya gitaa na kuiunga na arthi. Karatasi ya alumini ya jikoni hufanya kazi hiyohiyo kwa bei ya mkate, ila lehemu ya kawaida haishiki juu yake, kwa hiyo waya hukandamizwa kwa skrubu.

Mvumo una noti, na hili ndilo jambo tamu zaidi katika ufundi wote. Umeme wa Afrika Mashariki hujirudia mara 50 kwa sekunde. Ndani ya amplifaya, ukigeuzwa kuwa wa upande mmoja, mapigo yake huwa 100, na kapasita kubwa ndizo zinazoyalainisha. Sasa, uzi mnene wa gitaa ukibanwa kwenye freti ya 3 hutoa G ya mara 98. Fundi hupiga noti hiyo na kulinganisha: kelele inayokaa juu yake kidogo tu, yenye makali kama nyuki, ni ile ya 100, na mara nyingi maana yake ni kapasita zilizozeeka na kukauka. Ile iliyo oktavu moja chini, laini na ya duara, ni ya 50, na mara nyingi imeingia kutoka nje, kwa koili au kwa arthi mbovu. Marekani, ambako umeme hujirudia mara 60, mvumo hukaa kati ya noti mbili na haulingani na yoyote. Walioko upande huu wamejaliwa kelele inayokaribia kuwa kwenye ufunguo.

Arthi inahitaji tahadhari kuliko vyote. Amplifaya mbili, au amplifaya na mikisa, zikichomekwa kwenye soketi zilizo mbali na kuungwa kwa kebo, arthi zao hufanya duara, na duara hilo huvuma. Dawa rahisi ni kuzirudisha zote kwenye soketi moja. Ikishindikana, transfoma ya kutenganisha. Dawa ya kienyeji, ile ya kukata mguu wa tatu wa plagi, kweli huondoa mvumo. Huondoa pia kitu pekee kinachosimama kati ya kosa la ndani na mwili wa mpigaji. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni isiyo na arthi nzuri huku mkono mwingine ukiwa kwenye nyuzi, akafa jukwaani. Soketi za ugani zenye matundu matatu lakini nyaya mbili tu ndani zimejaa madukani, na ni bora kufungua moja kuangalia kuliko kuamini sura yake.

Kwa kelele inayoingia kwa koili kuna jibu la akili sana. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, aliomba hataza mwaka 1955 kwa pikapu yenye koili mbili, zilizozungushwa kinyume na zenye sumaku zilizogeuzwa. Kelele ya chumba hufika kwa zote mbili ikiwa kinyume na kujifuta. Mtikisiko wa uzi, kwa sababu ya sumaku kugeuzwa, hujumlika. Sauti yake ni nene zaidi, na wanaopenda mng'ao wa koili moja huendelea kuvumilia mvumo. Kifaa cha kuziba kelele, kile kinachofunga njia mpigaji akinyamaza, hakina akili hiyo: hufunga mlango tu, na noti ndefu inayofifia hukatwa mkia. Kukinunua kabla ya kubadilisha kebo ya zamani ni kupoteza pesa.

Unabaki mkwaruzo. Ukija kitufe kinapozungushwa, ni vumbi, na dawa ni dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, si mafuta ya kula wala ya cherehani. Ukija kasha linapogongwa, mahali fulani lehemu imelegea. Kwenye mashine ya transista fundi hufungua mfuniko, hushika kijiti kikavu cha mshikaki na kugusa kiungo kimoja kimoja mpaka spika ipige kelele. (Ya valvu huachiwa anayeijua: kapasita zake huweza kushikilia volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomolewa.) Kiungo kibaya huonekana kwa karibu: kimefifia kama majivu, na kuna duara jembamba kama ufa kuzunguka mguu wa kipuri. Mashine huzimwa, ncha ya moto hugusa, lehemu huyeyuka, hung'aa kama tone la maji, kisha huganda.

Ikiwashwa tena, mvumo hakuna, mkwaruzo hakuna. Ile shhh ya vitunguu ipo palepale. Hiyo haitoki kwenye kosa lolote: ni chembe za umeme zikichezacheza kwa joto ndani ya rezista, jambo ambalo mwanafizikia John B. Johnson alilipima na kulichapisha mwaka 1928, na hakuna lehemu wala ngao inayoligusa. Fundi huirudisha skrubu ya mwisho na kuiacha isikike.